Jibu Lililopotea: Malumbano na Ushindani katika Historia ya Sanaa

Katika jumba la makumbusho la Bargello, mjini Florence, Italia, vimetundikwa vibamba viwili vya shaba nyeusi ambavyo hakuna mwanafunzi wa historia ya sanaa ya Ulaya asiyevijua. Vyote viwili vinasimulia kisa kimoja. Nabii Ibrahim amekishika kisu, mwanawe (ambaye katika mapokeo ya Kikristo ni Isihaka) yuko juu ya madhabahu, malaika anakuja kuzuia, na kondoo yuko kando. Kisa ni kimoja, umbo la fremu ni moja, na hata watu na wanyama waliomo ni wale wale. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1401 chama cha wafanyabiashara wa nguo cha mji huo kilitangaza shindano la kumpata msanii wa kutengeneza milango ya jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu. Wasanii saba waliteuliwa, wakapewa kisa, kipimo na muda wa mwaka mmoja, kisha kazi zao zikapelekwa mbele ya waamuzi 34. Kazi za watano zimepotea. Zilizobaki ni ya Lorenzo Ghiberti, aliyepewa milango, na ya Filippo Brunelleschi, aliyeikosa.

Mtazamaji akisimama mbele ya vibamba hivyo huweza kuyarudia maamuzi yale kwa macho yake mwenyewe. Kwa Brunelleschi, malaika ameukamata mkono wa Ibrahim kwa nguvu, kisu kimekwisha fika shingoni, na mwili wa kijana umejipinda kwa hofu. Kwa Ghiberti, kisu kingali hewani, na kifua cha kijana kimefinyangwa kwa utulivu unaokumbusha sanamu za Warumi wa kale. Ghiberti aliandika baadaye kwamba ushindi alipewa kwa kauli moja. Antonio Manetti, aliyeandika maisha ya Brunelleschi, alidai kuwa waamuzi walitaka wawili hao waifanye kazi pamoja, naye Brunelleschi akakataa. Ugomvi wa riwaya hizo mbili haujesha, wala hauna haja ya kwisha, maana ushahidi mkubwa zaidi upo ukutani. Aliyeikosa milango aligeukia ujenzi, na kuba la kanisa kuu la mji huo, lililoanza kuinuliwa mwaka 1420, ni kazi yake.

Husemwa kwamba ushindani huzaa sanaa bora. Kauli hiyo imekaririwa hadi imekuwa kama salamu, na mara nyingi si kweli. Mashindano mengi yamezaa makelele tu. Vibamba vya Florence vinafundisha jambo dogo kuliko hilo, nalo lina manufaa zaidi kwa mhakiki. Shindano lile linasomeka hadi leo kwa sababu mbili: washindani walifungwa na sharti moja, na kazi ya aliyeshindwa haikuyeyushwa. Ushairi wa Kiswahili, ambao umelelewa katika malumbano pengine kuliko sanaa nyingine yoyote ya mwambao, unastahili kupimwa kwa sababu hizo hizo mbili. Sharti moja ulikuwa nalo, tena kali. Kazi za walioshindwa, na wakati mwingine hata za walioanza, ndizo ambazo vitabu vimeziacha njiani.

Sharti lenyewe kila mpenzi wa mashairi analijua. Malenga anapotoa shairi la kuchokoza, kusaili au kufumba, anayejibu hana uhuru wa kuchagua uwanja. Hufuata bahari ile ile, mizani ile ile, na mtungaji hodari huchukua hata vina vya mwenziwe, vya kati na vya mwisho, akavigeuza maana. Neno lililotumiwa kumtukana hulirudisha likiwa limevaa nguo nyingine. Katika ngoma za gungu washairi walifungiana mafumbo, na aliyeshindwa kufungua alitoka na aibu yake mbele ya watu. Desturi hii ina adabu ndani yake ambayo si rahisi kuiona kwa sababu ya ukali wa maneno. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila ya kwanza kumsikiliza, ubeti kwa ubeti, hata ukajua wapi amepungukiwa na wapi amekuzidi. Malenga wawili wanaotukanana kwa desturi hii wamesomana vizuri kuliko wanavyosomana wahakiki wengi wanaosifiana.

Mfano mkubwa wa malumbano haya ni mashairi ya vita vya Kuduhu, vinavyojulikana pia kama vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo mwaka 1812 au muda mfupi baadaye. Mombasa chini ya Wamazrui, pamoja na washirika wao wa Pate, waliikabili Lamu. Kabla ya majeshi kukutana pwani ya Shela, na baada ya kukutana, washairi walikuwa wamekwisha kutana. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mgumi, ambaye alikuwa kiongozi wa mji na mtunzi kwa pamoja. Beti zilivuka bahari kama barua za kibalozi zilivyovuka, zikiwa na vitisho, kejeli, nasaha za uongo na za kweli. Nani aliyeanza, nani aliyejibu, na jibu lipi lilikuja baada ya damu kumwagika: bila ya kujua hayo, msomaji wa mashairi haya ni kama mtu anayemsikia jirani akizungumza kwa simu. Anasikia hasira, hasikii kilichoikasirisha.

Na hivyo ndivyo Muyaka alivyosomwa kwa muda mrefu. Tungo zake zilihifadhiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuziandika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha huko Johannesburg kwa jina la *Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy*. Shukrani kwa kazi hiyo haiwezi kupunguzwa. Bila ya Sikujua, yumkini sehemu kubwa ya Muyaka ingekwenda na wazee walioihifadhi vichwani. Hata hivyo neno diwani lina hila yake. Linamfanya mtunzi awe mtu mmoja mwenye kitabu kimoja, akisema peke yake. Mtu aliyetunga akiwa barazani, akiwajibu watu waliomjua kwa jina na kwa ukoo, aligeuzwa kuwa mfano wa mshairi wa Kizungu anayejifungia chumbani. Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alimrudisha Muyaka katika mji wake na siasa zake, na wanafunzi wengi wamemjua Muyaka kupitia mlango huo. Lakini ilibidi kungojea hadi mwaka 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipotoa *Mashairi ya Vita vya Kuduhu*, ndipo msomaji wa kawaida akaweza kuyaona mashairi ya pande zote yakiwa yamepangwa kama mazungumzo. Kitabu hicho hakikupata kelele kilizostahili. Kilichofanya ni kile kilichofanywa na ukuta wa Bargello: kumtundika mshindani karibu na mshindani.

Kusoma hivyo kunabadilisha hukumu. Baadhi ya tungo ambazo zikiwa peke yake huonekana za majivuno matupu, zikiwekwa penye nafasi yake huonekana ni za mtu aliyebanwa, anayepandisha sauti kwa kuwa hoja ya mwenziwe imemgusa. Ushujaa wa Muyaka si wa aina moja katika kila shairi. Kuna pahala anacheza, na kuna pahala anaogopa kwa niaba ya mji mzima. Hofu hiyo haionekani mpaka usome upande wa Lamu.

Tena isisahauliwe kwamba malumbano haya hayakuwa mchezo. Lamu ilishinda. Kama masimulizi ya mji huo yanavyoeleza, waliotaka kurudi majahazini walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama, na wengi wakauawa pale ufukweni. Baadaye Lamu ikamwita Sayyid Said wa Omani, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikawa chini yake. Mhakiki anayesifia uhai wa majibizano ya Kuduhu, akasahau mifupa ya Shela, anafanya kazi nusu. Ushairi ule ulikuwa mkali kwa kuwa kilichogombaniwa kilikuwa kikali. Hakuna anayeweza kuomba ukali wa aina hiyo urudi ili mashairi yanoge.

Kuna pia ushindani unaoila sanaa yake wenyewe, na kwa hilo taarab ni shahidi. Zanzibar ilikuwa na Akhwani Safaa tangu 1905, kisha Culture Musical Club tangu 1958. Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian na Al-Watan. Upinzani wa vikundi hivyo ulihusu ala, sauti, mavazi, na zaidi ya yote wimbo mpya, ambao uliandikwa kwa fumbo ili mlengwa ajijue na wengine wabakie kukisia. Vikundi vya wanawake vilivipeleka vijembe mbele zaidi, na hapo ndipo ufundi wa fumbo ulipohitajika khasa, kwa kuwa mtungaji na mtungiwa waliishi mtaa mmoja na kesho yake walikutana kisimani. Katika miaka ya 1990 ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano jijini Dar es Salaam, na wa Khadija Kopa na Nasma Khamis ndani yake, uliijaza kumbi kuliko wakati wowote. Sauti za waimbaji hao hazina wa kuzibeza; Khadija Kopa alikuwa amepita katika Culture, na malezi hayo yanasikika. Lililopungua ni fumbo. Mipasho ilitaka kushangiliwa usiku ule ule, na shangwe ya papo hapo haimngojei msikilizaji aende nyumbani akafikiri. Mpinzani alipotajwa karibu na jina, kazi ya kumfungua haikuwapo tena. Wapenzi wa taarab asilia waliolalamika waliambiwa ni wazee waliopitwa na wakati. Wengine kati yao walikuwa hivyo kweli, lakini lalamiko lao lilikuwa la kiufundi na lilistahili jibu la kiufundi.

Yote haya yanafika kileleni katika ule mzozo ambao bado hutajwa kila wapenzi wa mashairi wanapokutana, yaani mgogoro wa ushairi wa mapokeo na ushairi huru. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa *Kichomi*. Ebrahim Hussein alikuwa ameshaonyesha njia katika miaka ya 1960 kwa shairi la "Ngoma na Vailini". Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakafuata mwaka 1976 kwa *Malenga wa Bara*. Upande wa pili walisimama Shihabuddin Chiraghdin, Abdilatif Abdalla na wengineo, na mwaka 1986 Jumanne Mayoka akauita ugomvi kwa jina lake katika *Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka*. Hawa wakasema kisichokuwa na vina na mizani si shairi, ni masivina, ni nathari iliyokatwa vipande. Wale wakasema vina na mizani ni nguo, na mtu si nguo yake.

Mgogoro huu umezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa pwani na bara: Waswahili wa mwambao wakilinda mali yao, wasomi wa bara wakija na mitindo ya Kizungu kutoka Chuo Kikuu. Riwaya hiyo inapendeza, ila haisimami mbele ya majina yenyewe. Kitabu kilichoziweka kanuni za vina na mizani mikononi mwa kila mwanafunzi, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* cha mwaka 1954, kiliandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, aliyeisimamisha ngonjera na kuitetea mizani kwa maisha yake yote, alikuwa Mgogo. Upande wa pili, Ebrahim Hussein ni mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania. Alamin Mazrui, ambaye *Chembe cha Moyo* cha mwaka 1988 kina mashairi huru yaliyotungwa kizuizini, ni mtoto wa Mombasa na wa ukoo ule ule ambao Muyaka aliutetea. Sheria zilitetewa na watu wa bara, na watu wa pwani wakazivunja. Anayetaka kuligeuza suala la umbo kuwa suala la kabila hana pa kushika.

Liko jambo zito zaidi ambalo mgogoro ule ulilifanya, na limesemwa kwa uchache. Kila upande, kwa kutaka kushinda, uliifanya mali yake kuwa ndogo. Watetezi wa mapokeo waliichukua bahari moja, lile shairi la mishororo minne lenye vina vya kati na vya mwisho na mizani kumi na sita, wakalipandisha cheo likawa ndio ushairi wote. Lakini mwambao una utenzi, ambao vina vyake vina utaratibu mwingine. Una wajiwaji wa mishororo mitano. Una utumbuizo, uliohusishwa na jina la Fumo Liyongo, ambao haugawanyiki katika beti za kadiri moja. Una nyimbo za kazi na za ngoma ambazo hakuna aliyezihesabia mizani kwa vidole. Waliozijua hazina hizo walikuwa upande wa mapokeo, na katika joto la ugomvi ndio waliozisahau. Ibrahim Noor Shariff katika *Tungo Zetu*, mwaka 1988, alizikumbusha tanzu hizo moja baada ya moja, na kitabu hicho kingekuwa na faida kubwa zaidi kama kingetoka miaka kumi na mitano mapema.

Wanamabadiliko nao walijitengenezea adui wa boga. Waliyempiga ni mtunzi anayejaza vina kwa kuokoteza maneno, anayetoa nasaha zilizochoka na kumsifu kiongozi. Mtunzi huyo alikuwapo kweli, na magazeti yalimjaa. Lakini kumpiga yeye hakukuwa kumjibu Muyaka, wala Ahmad Nassir wa *Malenga wa Mvita*, wala Abdilatif Abdalla. Haikuwa kazi ngumu kumshinda mtungaji dhaifu wa mapokeo; kazi ilikuwa kuonyesha kwamba shairi huru linaweza kubeba uzito ule ule wa sauti bila ya mhimili wa vina. *Kichomi* kina kurasa zinazoweza. Dibaji na makala zilizokizunguka zilisaidia kidogo kuliko mashairi yenyewe.

Hapo ndipo tofauti na Kuduhu inapojitokeza. Katika mgogoro wa miaka ya 1970, washindani hawakuwa na uwanja mmoja. Wa mapokeo hakuweza kulijibu shairi huru kwa bahari yake, maana kwake halikuwa na bahari. Wa ushairi huru hakutaka kujibu kwa vina, maana kufanya hivyo kungekuwa kukubali kushindwa. Basi ugomvi ukahamia katika nathari: dibaji, makongamano, tasnifu. Mashairi yakakaa kimya huku wenye mashairi wakizozana. Jambo hili linashangaza zaidi mtu akikumbuka kwamba hawakuwa mbalimbali. Abdilatif Abdalla alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1972 hadi 1979. Mulokozi na Kezilahabi walikuwa katika chuo hicho hicho. Walipishana ukumbini. Lau mmoja wao angetunga shairi huru na mwenziwe akalijibu kwa shairi la vina, neno kwa neno na taswira kwa taswira, leo kungekuwa na kitu cha kutundikwa ukutani.

Haitakuwa haki kusema kwamba mgogoro haukuzaa kitu. Ulimlazimisha kila mtunzi aliyekuja baadaye kuchagua umbo kwa makusudi, badala ya kulirithi kama jina la ukoo. Said Ahmed Mohamed, Mpemba, alianza na *Sikate Tamaa* mwaka 1980, na kufikia *Jicho la Ndani* mwaka 2002 alikuwa ametembea masafa marefu ndani ya umbo, akijaribu hili na kurudi kwa lile. Kwake vina ni uamuzi, na msomaji anausikia uamuzi. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, hakuhama. *Kimbunga*, diwani yake ya mwaka 1994, iliyotoka baada ya miaka ishirini ya mzozo, ni kitabu cha mapokeo kisichojitetea wala kuomba radhi. Fumbo la shairi lililokipa kitabu jina lake lingali likifunguliwa kwa namna tofauti katika skuli na vyuo. Kwa jinsi yake, hilo ni jibu zuri kuliko dibaji zote: kama mapokeo yamekufa, basi elezeni hiki.

Katika miaka ya karibuni ushindani umepata sura nyingine, ya tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na kwa sasa inajulikana kwa jina la Safal-Cornell. Mwaka 2015 tuzo yake ya ushairi ilikwenda kwa Mohammed Khelef Ghassany wa Pemba kwa *N'na Kwetu*. Kuna Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, na tangu 2023 Tanzania inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Fedha na heshima hizo zimewafikia watunzi waliozihitaji, na vitabu vimechapwa ambavyo vingebaki madaftarini. Si haba. Hata hivyo tuzo ni ushindani wa aina ya pekee. Washindani hawajuani, hawakusoma kilichotungwa na wenzao, na hukumu hutoka kwa jopo lililokaa faragha. Mshindwa hapati jibu, anapata ukimya. Afadhali Tuzo ya Ebrahim Hussein, ambayo mashairi yaliyoteuliwa yamekusanywa katika diwani, hivyo msomaji ana sauti nyingi za kulinganisha. Ingekuwa na maana zaidi kama mwaka mmoja washiriki wangepewa shairi moja la kulijibu, mapokeo kwa huru na huru kwa mapokeo, kisha majibu yote, mazuri na mabovu, yakachapwa pamoja na shairi lililojibiwa. Gharama yake ni karatasi tu.

Tuzo zina kejeli zake pia. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa waraka wa mwaka 1968 ulioitwa *Kenya: Twendapi?*, ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972 yalitoka Nairobi mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, mwaka mmoja kabla ya *Kichomi* kutoka katika mji huo huo kwa mchapishaji mwingine. Kitabu kikapewa tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta.

Ndani ya *Sauti ya Dhiki* mna shairi linaloitwa "Mnazi: Vuta N'kuvute". Watu wawili, Alii na Badi, wanaugombania mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini, na kila mmoja hupewa zamu yake ya kusema. Wahakiki wameona, na kwa haki, kwamba mnazi ni nchi na ugomvi ni wa waliokalia uchumi wake na walionyimwa. Kisichotiliwa maanani vya kutosha ni umbo lake. Mfungwa aliyetengwa na wenziwe, aliyeandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, hakuwa na mtu wa kujibizana naye. Desturi aliyolelewa nayo Mombasa ilimtaka awe na mpinzani, na serikali ilikuwa imemnyang'anya hata huyo. Akamtunga. Akampa jina, akampa hoja, akampa vina vyenye nguvu sawa na vya mwenziwe, hata msomaji anayemchukia aliye juu ya mnazi hulazimika kukiri kwamba anajua kusema. Alii na Badi wanapokezana bahari moja kutoka ubeti hadi ubeti, katika chumba ambacho ndani yake alikuwamo mtu mmoja.